Maneno Tunayodhani Tunayajua

Mawaidha kwa walimu wa madrasa na wasikilizaji wa darsa, baada ya swala ya Magharibi

 

 Nimeombwa nizungumzie taabu anayoipata mwalimu anapotafuta neno la Kiswahili la kufasiria neno la Kiarabu. Wengi hudhani taabu hiyo iko katika maneno mageni. Sivyo. Neno geni halina hatari kubwa, kwa kuwa mwanafunzi akilisikia huuliza maana yake. Neno la kuogopwa ni lile lililokwisha kuingia katika Kiswahili tangu zama za mababu, tunalolitumia sokoni na jikoni, na kwa sababu hiyo hakuna anayeliulizia.

Chukueni aya ya 39 ya Surat Maryam. Ndani yake mna maneno mawili ambayo kila mtoto wa Kiswahili atasema anayajua: hasra na ghafla. Kijana mmoja katika darasa letu, hodari wa kuhifadhi, alipotakiwa aifasiri alisema kuwa watu wanaonywa juu ya siku ya hasira, nayo itawafikia kwa ghafla. Wenzake wote waliafiki. Maneno yake yalipendeza masikioni, wala hayakupingana na yale tuliyofundishwa kwingine, kwani ghadhabu ya Mwenyezi Mungu ipo na Kiyama kitakuja kwa kushtukiza. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Lakini aya haisemi hivyo. Hasra kwa Kiarabu ni majuto, ule uchungu wa mtu aliyepitwa na jambo naye hana tena njia ya kulirejea. Ghafla ni kughafilika, yaani mtu kusahau lililo mbele yake hali macho yake yako wazi. Jambo linapokuja kwa kushtukiza Qur'an hutumia neno jingine, baghtatan, kama lilivyo katika aya ya 31 ya Surat al-An'am. Tofauti hii si ndogo. Hasira ni ya mwingine juu yako, ilhali majuto ni yako mwenyewe juu ya nafsi yako. Aya inatuonyesha mtu anayejilaumu, na tafsiri ya yule kijana ikatugeuza tumtazame anayekasirika.

Sasa, wapo ndugu zetu wanaorudi kutoka vyuo vya nchi za Kiarabu wakaanza kuwasahihisha wazee mitaani, wakidai kwamba Waswahili wameyaharibu maneno. Mimi siafikiani nao. Neno likihamia lugha nyingine huoa na kuzaa huko. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, nayo imeyapokea maneno ya Kiarabu kwa haja zake yenyewe. Aliyeghafilika mambo humjia kwa kushtukiza, kwa hiyo ghafla imesogea hatua moja tu. Mwenye uchungu huwa mwepesi wa kukasirika, na hasira imesogea hatua nyingine. Hata Waarabu wenyewe maneno yao yamesogea. Katika Surat Yusuf, aya ya 10 na ya 19, limo neno sayyara, na maana yake ni msafara wa wasafiri. Leo ukilitaja Cairo au Muscat utaonyeshwa gari. Mwanafunzi aliyejifunza Kiarabu cha magazeti peke yake anaweza kumwokoa Nabii Yusuf kisimani kwa gari!

Kwa hiyo sikusudii kukilaumu Kiswahili. Ninalolisema ni kwamba neno lililosogea halifai kurejeshwa katika aya kana kwamba halikuondoka. Wafasiri wetu wote wamekumbana na hilo, tangu kasisi Godfrey Dale aliyetoa tarjuma yake mwaka 1923, hadi Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy mwaka 1969 na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani mwaka 1995. Sheikh al-Farsy alijaza maelezo mengi chini ya kurasa zake. Naye asomaye matini akayaruka maelezo hayo amechukua nusu tu ya kazi ya sheikh.

Nije sasa kwenye neno ambalo madhara yake nimeyashuhudia. Neno hilo ni fitna. Katika Kiswahili, fitina ni kupeleka maneno huku na huko hadi watu wakosane. Katika mtaa mmoja mama mmoja alibeba maneno ya jirani akayafikisha kwa mkwe wake jirani huyo, na nyumba mbili zikaacha kusalimiana. Kikao kilipoitishwa, mzee mmoja akaisoma aya ya 191 ya Surat al-Baqara, kisha akamwambia yule mama kuwa kitendo chake kimezidi kuua. Hakuna aliyempinga, maana aya imesomwa, na neno kila mtu amelisikia kwa masikio yake. Mama yule hakuonekana tena darsani kwa miezi.

Tuirejee aya. Imekuja katika habari za vita, kuhusu watu waliowatoa Waislamu majumbani mwao. Imam at-Tabari ameifasiri fitna ya hapo kuwa ni Muumini kuteswa katika dini yake mpaka arudi kwenye shirki, na kwamba hilo ni zito kwake kuliko kuuawa hali ameshikamana na dini yake. Ama asili ya neno, ar-Raghib al-Isfahani ametueleza kuwa ni kuitia dhahabu motoni ili ijulikane safi na isiyo safi. Ukishaijua asili hiyo, aya ya 15 ya Surat at-Taghabun inafunguka, pale mali na watoto vinapoitwa fitna. Ikiwa fitina ni umbea, watoto wetu wachanga wamemsengenya nani?

Pengine mtu atauliza: je, mwenye kubeba maneno hana dhambi? Anayo, tena kubwa, na dalili zake zipo mahali pake. Surat al-Qalam aya ya 11 imemtaja mwenye kupita akifitinisha, na Surat al-Hujurat aya ya 12 imekataza kusengenya. Yule mama alistahiki kuonywa kwa aya hizo. Hakustahiki kuwekwa chini ya muuaji kwa neno lililofanana sauti.

Tena neno tulilokuwa tukilitafuta lilikuwa midomoni mwetu siku zote. Mtu akifiliwa, au akikosa riziki, majirani humwambia, "Ni mtihani." Hiyo ndiyo fitna ya Surat at-Taghabun. Ghafla ya Surat Maryam nayo ipo tunaposema fulani ameghafilika.

Neno la mwisho ni ajali. Kwa Kiarabu ajal ni muda uliowekwa. Ndilo lililomo katika aya ya deni, ya 282 ya Surat al-Baqara, inayoamuru deni la muda maalumu liandikwe. Na ndilo lililomo katika Surat al-A'raf aya ya 34, kwamba kila umma una muda wake. Waliosema kwanza kuwa ajali haina kinga naona walikusudia muda huo, ambao watu wa pwani huuita pia ahadi, wakasema ahadi ya fulani imefika. Leo ajali ni basi lililopinduka. Dereva amekimbiza gari lenye breki mbovu, watu wamekufa, nasi tunasimama makaburini tukisema ajali haina kinga, naye mwenye basi anaitikia kwa sauti kuliko sisi. Muda wa kufa hauna kinga. Breki zina fundi.

Darsa lijalo, inshaallah, tutaanza na neno kisasi na aya ya 179 ya Surat al-Baqara, ambapo al-qisas ni hukumu ya kadhi na si chuki ya jamaa wa marehemu. Mimi bado sijaridhika na neno lolote la Kiswahili nililolipata. Kila mwalimu na aje na neno la kwao, na wazee wa Pemba na Lamu waulizwe kabla ya kamusi.

Wabillahi tawfiq.