Uchi haupatani na saruji

Huko Cap d'Agde, pwani ya kusini ya Ufaransa, upo mtaa ambako watu huishi uchi, hata dukani huingia uchi. Lakini nyumba za huko nazo huchakaa kama zetu: rangi hubanduka, bomba huvuja, ukuta hupata ufa. Mwenye nyumba akishika brashi, hushika vile vile alivyozaliwa.

Mimi simcheki. Tone la rangi ya maji likimwangukia, hunawa tu. Hana shati la kuharibika. Lakini kazi haijali imani ya mtu. Msumeno hurusha vibanzi, na mwanga wa kulehemu huunguza ngozi kama jua kali.

Yenye hila zaidi ni saruji mbichi. Kwenye kipimo cha pH, ambacho maji safi ni 7, yenyewe hufika 12 au 13. Huunguza polepole, maumivu huweza kuja baada ya saa kadhaa, kidonda kimeshaingia. Basi hata mpenda uchi, akichanganya zege, hana budi kuvaa suruali, buti na glavu.

Je, kibarua wetu anayekanyaga zege peku? Yule wa Ufaransa nguo anazo, kaamua kuzivua. Huyu wetu hakupewa za kuvaa. Wewe unayejenga, kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji, mnunulie buti na glavu. Saruji ipo dukani, ngozi haiuzwi.