Baada ya Utepe Kukatwa: Mradi wa Maji Hupimwaje?

Mada iliyowasilishwa mbele ya watumiaji wa huduma ya maji, Same

 

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wananchi wengi huliuliza kwa sauti ya chini: je, mipango ya Serikali huwafikia wale iliyokusudiwa kuwahudumia, au huishia kwenye taarifa? Nitalijibu kwa kutumia maji. Ndiyo huduma ambayo EWURA imekabidhiwa kuidhibiti pamoja na nishati, na ndiyo huduma ambayo mji huu umeisubiri kwa uvumilivu ambao haukustahili kutakiwa kwa mtu yeyote.

Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi awe na maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufika, na Sera ya Maji ya mwaka huo ikasogeza tarehe hadi 2002. Mwaka 2002 ikatoka sera nyingine. Hii ilibaki na zile mita 400, ikaongeza kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku, na ikasema wazi kwamba watumiaji watachangia gharama na watausimamia mradi wao wenyewe.

Miaka kumi hivi baadaye Wizara ya Maji ikafanya kazi ngumu na ya kiungwana, ikahesabu vituo vya kuchotea maji vijijini nchi nzima. Vilipatikana zaidi ya 65,000. Karibu asilimia 40 havikuwa vikitoa maji.

Naomba tusiipite takwimu hiyo haraka. Vituo hivyo havikuwa ndoto za kwenye makaratasi. Vilijengwa, fedha zililipwa, na bila shaka vingi vilizinduliwa kwa ngoma na hotuba. Katika hesabu za mradi vilikuwa mafanikio. Kwa mama mwenye dumu, vilikuwa nguzo za saruji. Kilichokosekana mara nyingi kilikuwa kitu kidogo: kipuri cha pampu, fundi wa kukifunga, mfuko wa kumlipa fundi huyo, na mtu wa kuulizwa mfuko ulipo. Ndiyo maana Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA kwa ajili ya vijijini na kuweka vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. Ndiyo maana pia baadhi ya fedha za miradi ya vijijini sasa hutolewa kwa kufuata matokeo yaliyohakikiwa. Kujenga tu hakutoshi kuwa sababu ya kulipwa.

Sasa turudi hapa nyumbani. Mvua zitokazo Bahari ya Hindi huangukia zaidi miteremko ya mashariki ya milima ya Upare, na mji wa Same uko upande wa pili, kwenye tambarare kavu ambako mawingu hufika yamekwisha kumwaga mzigo wake. Ufumbuzi ulioamuliwa ulikuwa kuyatoa maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kuyaleta katika miji ya Same na Mwanga pamoja na vijiji 38 vya Mwanga, Same na Korogwe, kwa mikopo ya mifuko ya maendeleo ya nchi za Kiarabu na fedha za Serikali yenyewe. Mradi ulitarajiwa kuchukua miaka michache tu tangu utekelezaji uanze mwaka 2014. Badala yake tarehe ziliahirishwa, mikataba ya wakandarasi ikavunjwa, kazi ikasimama na kuanza upya. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua tarehe 9 Machi 2025.

Je, mradi huo umefaulu au umeshindwa? Aliye na haraka ya kusifu atasema umefaulu, maana maji yamevuka tambarare ambayo wengi walidhani hayatavuka. Aliye na haraka ya kulaumu atasema umeshindwa, maana mtoto aliyeanza darasa la kwanza ulipoanza, amemaliza la saba akiwa bado anabeba ndoo. Wote wawili wana ushahidi. Ila wote wawili wanautazama utepe, mmoja siku ulipokatwa na mwingine miaka ambayo haukukatwa. Kwa maoni yangu, mtihani wa mradi wa maji huanza kesho yake.

Maji ya Nyumba ya Mungu si kama ya mserereko yashukayo yenyewe kutoka chemchemi za milimani. Haya hupandishwa kwa pampu, na pampu hutumia umeme. Husafishwa, na dawa hununuliwa. Gharama hizo hurudi kila mwezi, nazo huingia katika bei. Mtumiaji ana wajibu wa kulipa, nasi hatutamdanganya kwamba maji hayo yanaweza kuwa ya bure. Lakini anayelipa amepata haki ya kuuliza. Maji yakipotea njiani kwa bomba bovu au kwa wizi, anayebeba hasara ni nani? Kiwango ambacho EWURA hukihesabu kuwa kinakubalika ni upotevu usiofika asilimia 20. Mamlaka inayopoteza zaidi ya hapo ina maelezo ya kutoa kabla ya kuomba bei mpya.

Wapare hawahitaji kufundishwa na mtu wa ofisini kuhusu jambo hili. Wamekuwa na ndiva kwa vizazi vingi. Maji ya kijito hukusanywa usiku, asubuhi lango hufunguliwa, na mkondo hupita mferejini ukiwa na nguvu ya kulifikia shamba la mbali, kwa zamu inayojulikana. Asiyefika kusafisha mfereji huulizwa. Sisemi kwamba utaratibu huo haukuwa na dhuluma. Walio mwishoni mwa mfereji wana masimulizi yao, na wanawake wana yao. Lakini mwenye malalamiko alijua wa kumwendea, na msimamizi wa ndiva alikuwa jirani ambaye angekutana naye sokoni. Miradi yetu mikubwa ina mabomba marefu kuliko mfereji wowote wa ndiva. Tatizo ni kwamba mara nyingi umbali kati ya mtumiaji na anayejibu nao umerefuka vivyo hivyo.

Tena mji huu una kumbukumbu nyingine, ambayo huzungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Mnamo Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakaja hapa Same, makao ya wilaya, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kuhusu jambo hilo. Waandamanaji hawakukataa kulipa kodi. Walichokataa ni makadirio: mtu mmoja kutozwa kiasi hiki na jirani yake kiasi kile, bila mlipaji kuonyeshwa hesabu iliyotumika. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi wakaingia nao katika madai hayo, na hatimaye mbiru ikaachwa. Leo hatuna haja ya kulala uwanjani ili kuuliza hesabu. Njia ipo katika sheria. Shida ni kwamba haitumiki vya kutosha.

Nieleze basi njia hiyo.

Anza na mita. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu hamsini ya lita ishirini. Tuseme umezoea kununua dumu kwa shilingi 100: uniti moja ya mkokoteni imekugharimu shilingi 5,000. Linganisha na bei iliyoandikwa kwenye ankara yako, ndipo ujue unachopata na unachopoteza maji yasipotoka. Soma mita yako mwenyewe tarehe moja kila mwezi na uandike. Ukishuku ankara, funga mabomba yote ya nyumbani uitazame mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna uvujaji upande wako, na huo ni gharama yako. Uvujaji ulio kabla ya mita ni wa mamlaka. Mahali penye mgawo, hewa iliyoshikwa katika bomba huweza kuizungusha mita kabla ya maji kufika. Ukiliona hilo andika siku na saa, kwa sababu malalamiko yenye tarehe huchunguzika kwa urahisi zaidi.

Malalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Usiporidhika na majibu, au usipojibiwa, yalete EWURA. Tutawaita pande zote mbili, tutajaribu kuwapatanisha, na isipowezekana shauri litasikilizwa na kuamuliwa. Uamuzi wetu nao unaweza kukatiwa rufaa katika Baraza la Ushindani, kwani nasi ni watu wa Serikali na tunaweza kuulizwa. Huna uwezo wa kuandaa hoja zako? Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji lipo kwa ajili hiyo. Walio chini ya vyombo vya maji vya vijijini waanzie kwa kamati yao, kisha ofisi ya RUWASA ya wilaya.

Mamlaka ya maji inapoomba bei mpya, sheria inataka wananchi wasikilizwe, nasi huitisha mkutano wa taftishi. Mara nyingi wanaofika ni viongozi, waandishi wa habari na watumishi wa mamlaka yenyewe. Kiti cha mama anayeamka saa kumi usiku kuvizia maji ya mgawo huwa kitupu, na hilo si kosa lake: mkutano hufanyika saa za kazi, na tangazo hubandikwa mahali asipopita. Hili ni letu sisi kulirekebisha. Kwenu naomba jambo moja: mtakapopata tangazo, chagueni mtu wa mtaa wenu aje na daftari lenye siku ambazo maji yalitoka na siku ambazo hayakutoka kwa miezi mitatu. Daftari hilo likisomwa mbele ya kikao, huingia katika kumbukumbu za shauri kabla bei haijaamuliwa.