Picha ya ubongo haiulizi swali

Mwaka 2022 watafiti wa mtandao wa kimataifa wa ENIGMA walitangaza matokeo ya picha za ubongo za vijana, kutoka tafiti 21. Kati ya vijana wenye sonona na maradhi yanayofanana nayo, wale waliowahi kujaribu kujiua walikuwa na eneo dogo zaidi kwenye ncha ya mbele ya ubongo.

Jambo hili linatuhusu nini hapa Kisangani? Kijana wa namna hii tumezoea kumwita mwoga, au aliyerogwa. Picha hizo zinatukataza kumwita hivyo. Mateso yake yana mizizi mwilini pia, na yanatibika.

Sasa tugeukie upande wa pili. Tofauti iliyoonekana ni ndogo. Haimwambii daktari nani yuko hatarini kesho. Kijana aliyekimbia mapigano ya jamii za Wambole na Walengola, akahifadhiwa katika komuni ya Lubunga, asingojeshwe mashine. Aulizwe waziwazi, kwa upole: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, tafiti zimethibitisha.

Je, katika vituo vyetu vya afya, shuleni, kanisani na msikitini, nani amefundishwa kuuliza hivyo, na kulisikiliza jibu hadi mwisho?