Sufuria itangoja, mtoto hatangoja
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa chama, Baraka)



Leo sikuja na mafundisho ya shirika. Nimekuja kama mama wa watoto wadogo wawili.

Kule kambini Lugufu tulikuzwa hivi: mwanamke anajulikana kwa kiwanja kilichofagiwa na sufuria zinazong'aa. Si vibaya. Lakini kule nyanya na shangazi walikuwa mlango wa pili. Huku tumerudi, kila mmoja na nyumba yake mbali, na kazi ni zile zile.

Mwaka jana mamamkwe alikuwa anakuja. Asubuhi mdogo wangu alikuwa na joto. Nikasema, acha kwanza nimalize kupakaa udongo ukutani. Saa tisa mtoto akageuza macho. Kwenye kituo cha afya wakapima damu: malaria. Alipona, Mungu asifiwe. Mamamkwe hakuangalia hata ukuta. Aliuliza tu, "Mbona hukuniita mapema nibebe mtoto?"

Basi, wamama: mtoto akipata joto, ni kituoni siku ile ile. Mchanga akilia ziwa, mpe. Miezi 6 ya kwanza ndicho chakula chake peke yake. Vyombo vilale vichafu. Wababa, kuchota maji hakuondoi ubaba.

Tuko na likelemba ya pesa. Tuanze na ya mikono: kila juma tufue kwa mama mmoja aliyezaa. Jumamosi hii niandikeni mimi. Nani wa pili?