Fungu la Nyanya Huko Washington

 

Wahitimu, katika mahafali yenu haya nimeombwa nizungumzie nafasi za utafiti katika taasisi za fedha za kimataifa, kwa kuwa niliwahi kuwa mtafiti mwalikwa Benki ya Dunia, huko Washington, nikiwa bado naandika tasnifu. Vijana wakinipigia simu huuliza mambo mawili: posho na baridi. Posho inatosha ukikubali kujipikia. Baridi ya Januari, kwa mtu wa Tanga, haisimuliki.

Nafasi zenyewe zipo. Tangu 1982 Benki ina ufadhili wenye jina la Robert McNamara, aliyekuwa rais wake kuanzia 1968 hadi 1981. Mwaka 2013 ikafungua mlango mwingine kwa Waafrika wanaosomea uzamivu. Jirani yake, Shirika la Fedha la Kimataifa, huwachukua wanafunzi wa uzamivu kwa wiki chache, na kila mmoja huandika karatasi na kuiwasilisha kabla hajaaga.

Sasa malalamiko yangu. Siku ya kuwasilisha, mtu atakuuliza kwa upole kabisa: kwa nini Tanzania? Ni swali halali. Ila aliyetumia takwimu za Ohio haulizwi kwa nini Ohio. Jishnu Das na Quy-Toan Do, wakiwa watafiti wa Benki hiyohiyo, pamoja na wenzao, walihesabu makala za uchumi za miaka ishirini kuanzia 1985. Katika majarida matano yanayoheshimiwa kuliko yote, Marekani ilikuwa na makala 2,383. India 39. Afrika nzima kusini mwa Sahara, 34. Miaka 20 hiyo, jamani!

Kijana akishaiona hesabu hiyo hujifunza haraka. Nimewaona wenye akili kuliko mimi wakiingia na swali la bei ya mahindi Songea, wakatoka na karatasi ya mbinu za ukokotoaji isiyo na mahindi wala Songea.

Wanafunzi wangu wa zamani kule nyuma wameshaanza kucheka. Wanajua hadithi yangu ya lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, inakuja. Naam, inakuja. Tangu 2008 Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa ushirikiano na Benki ya Dunia, imekuwa ikirudi kwenye kaya ilizokwisha kuzihoji, kuuliza zimevuna nini na zimekula nini. Mdadisi anakaa mkekani: Mama, wiki iliyopita mlikula nyanya kiasi gani? Mafungu matatu, mwanangu. Mafungu ya wapi? Ya sokoni asubuhi, au ya gengeni jioni zikishalegea? Baba naye anasema ameuza magunia kumi ya viazi. Magunia ya kilo mia, au lumbesa iliyojazwa mpaka ikaota kilemba? Sheria inaikataza, sokoni ipo. Mdadisi akiiandika lumbesa kama gunia la kilo mia, bei aliyopata mkulima kwa kilo itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Yaani mtu amepunjwa Njombe, na huko Washington anahesabika amefaidi! Takwimu zinakufikia mezani zikiwa kilo tupu, zimepangwa safi, na hakuna semina ya kukufundisha kuzitilia shaka. Ninyi mmelijua hili la vipimo tangu mlipokuwa mkitumwa sokoni. Lisemeni, hata bosi akikunja uso.

Mnapoomba nafasi hizi, msiandike umaskini wa kwenu. Nimekaa kwenye kamati za kuchambua maombi: aya ya koroboi na kutembea pekupeku tunairuka. Andika swali lako, takwimu utakazotumia, na matokeo gani yatakuonyesha kwamba dhana yako si kweli. Jifunze programu ya takwimu, Stata au R, kabla ya kupanda ndege. Huko hakuna mwenye nafasi ya kukufundisha. Nanyi wahadhiri wenzangu, barua ya pendekezo aiandike anayeitia saini. Mnanielewa.

Mtauliza kama ni lazima kurudi. Hayati Profesa Benno Ndulu alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaongoza AERC, muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, pale Nairobi, akafanya kazi Benki ya Dunia, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu yetu, 2008 hadi 2018. Wengine wamebaki huko na wanafanya kazi ya maana, siwasemi. Ninayemsema ni yule mwenye karatasi ya kurasa arobaini ambayo afisa kilimo aliyemzungusha vijijini hajawahi kuiona. Mwandikie afisa huyo ukurasa mmoja kwa Kiswahili, umtumie.

Wazazi, najua kuna mashamba yaliyouzwa kwa ajili ya siku hii. Asanteni sana. Msiwasukume wote kwenye benki za biashara.

Nitakuwepo mpaka chakula cha mchana kiishe. Mwenye swali la utafiti aniletee, sentensi mbili tu. Wasifu abaki nao.