Korija za Sensa

Agosti 2022, karani wa sensa alipopiga hodi Kanyenye, Tabora mjini, kishikwambi mkononi, alitaka kujua jambo moja kabla ya mengine kunoga: nani alilala humu usiku wa kuamkia tarehe 23? Majibu ya nchi nzima yalijumlishwa, na tarehe 31 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza jumla kule Dodoma. Watu 61,741,120.

Watu wa mipango waliipokea namba hiyo kwa mambo ya shule na zahanati. Mpenda hesabu humezea mate kitu kingine.

Wenye misafara waliopita Tabora enzi za pembe za ndovu walihesabu vitambaa kwa korija, ishirini ishirini. Namba hii ingekuwa ya vitambaa, ingetoa korija 3,087,056 kamili, kisibaki hata kipande. Kwa saba nayo inagawanyika. Kwa tatu inagoma, inabakiza moja.

Ukiivunja mpaka isivunjike tena, unapata 2 mara sita, 5, 7, 43 na 641, namba tasa tupu. Hiyo 641 si ngeni mjini. Mfaransa Fermat aliamini 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kwamba inagawanyika, tena kwa 641.

Halafu tazama inavyoanza: 6174. Mwalimu wa shule wa India, D. R. Kaprekar, ndiye aliyeipa umaarufu. Chukua tarakimu nne, zisiwe zote sawa. Zipange kuanzia kubwa, utoe mpango wa kuanzia ndogo, kisha urudie. Tujaribu mwaka wenyewe wa sensa, 2022. Kwenye 2220 toa 0222: 1998. Kwenye 9981 toa 1899: 8082. Kwenye 8820 toa 0288: 8532. Kwenye 8532 toa 2358, na hiyo hapo, 6174. Rudia utakavyo, haitoki tena.

Sadfa, naam. Mwenye kutafuta maajabu huyapata hata kwenye risiti ya sukari.

Tena ni sadfa nyepesi. Kama usiku ule, kabla ya saa sita, angezaliwa Kanyenye mtoto mmoja zaidi, jumla ingekuwa 61,741,121. Korija zingebakiza mmoja. 7, 43 na 641 zote zingegoma, ingesalia 6174 peke yake pale mbele. Na kama wangezaliwa mapacha, ingegawanyika kwa tatu.