Mstafeli: Faida Zake na Tahadhari

(Mazungumzo mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi)



Baadhi yenu mmeuliza kama Chama Kikuu kingeweza kukusanya majani makavu ya mstafeli na kuyauza kuwa dawa ya saratani. Swali hilo ni la haki, kwani mkulima hutafuta bei ya kila kinachoota shambani mwake. Halina budi kujibiwa kwa ukweli.

Stafeli lenyewe ni chakula chema: lina vitamini C, na juisi yake huburudisha. Habari ya saratani ilitokana na majaribio ya maabara, ambamo viini vilivyotolewa katika majani viliua seli za saratani ndani ya vyombo. Kuua seli chomboni si kumponya mtu. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba majani hayo huponya saratani ya binadamu.

Tena, mti huu una sumu. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe, katika bahari ya Karibi, walieleza kwamba wagonjwa wengi wenye ugonjwa wa kukakamaa viungo, usiosikia dawa za kawaida, walikuwa wamezoea kula stafeli na kunywa chai ya majani yake. Uhusiano huo haujathibitishwa kikamilifu. Lakini anonasini, kiini kilichomo katika mti huo, kimeonekana kudhuru ubongo wa panya.

Kwa hiyo, mbegu zitolewe zote kabla ya kusaga juisi, na unga wake usiguse macho. Chai ya majani isifanywe kinywaji cha kila siku. Mama mjamzito, na anayetumia dawa za shinikizo la damu au kisukari, asiinywe bila kumwona daktari.

Ndugu wajumbe, saratani haimngoji mgonjwa amalize mfuko wa majani. Anayechelewa hospitali hupoteza nafasi ya kutibika, na huenda akawa mwanachama mwenzetu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka Baraza la kusimamia dawa za asili na waganga wake. Ushirika si mganga.

Basi tuuze stafeli kuwa tunda, bichi au juisi, kwa bei ya haki. Jina la ushirika wetu lisiandikwe juu ya dawa isiyothibitishwa.